Boila ya Bi Salma

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kubwa ya Upanga kwa ajili ya goti langu, nikakaa barazani kwenye benchi kusubiri kuitwa. Juu ya vichwa vyetu feni ilikuwa ikizunguka kwa kukwaruza, nami nikamwambia mjukuu wangu kwamba beringi ya feni ile imekwisha, na wasipoishusha itakuja kumwangukia mtu. Mzee mmoja aliyekaa upande wa pili akageuza uso. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini alikuwa akitabasamu. "Huyo anayesema," akauliza, "si Mwajuma wa mashine ya mpunga?" Nilimtazama mpaka nikampata. Alikuwa Elia, yule fundi mrefu wa Machame, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa na nywele nyeusi tii. Tukashikana mikono, tukacheka, machozi yakatutoka. Pembeni yake alikaa kijana wa mwanawe, anafanya kazi kiwanda cha nguo. "Wewe huniamini," Elia akamwambia, "haya, muulize huyu bibi yako." Kijana akaniamkia, kisha akasema babu yake anamsimulia kila siku kwamba zamani za Mwingereza kulikuwa na mashine Kariakoo iliyozimwa kwa makusudi wakati wateja wamejaa uani, hali mashine yenyewe ilikuwa bado inakwenda. "Kwetu kiwandani, bibi," akasema, "mashine inazimwa ikishajizima yenyewe." Nilianza kumjibu, nesi akaita jina langu. Jibu lake ni hili hapa.

Mwaka ule nilikuwa na umri kama wa miaka ishirini, nimeachika, nimepanga chumba kimoja Gerezani. Habari za kwetu na za ndoa ile naziacha, hazina kazi hapa. Nilikuwa napepeta mchele kwenye mashine ya marehemu Bwana Seif, ukingoni mwa Kariakoo, mahali ambapo mitaa ilikuwa bado mchanga mtupu na nyumba za makuti zimepangwa kwa mistari aliyoitaka serikali. Uani kulikuwa na banda refu la mabati lenye mashine ya kukoboa, na nyuma yake banda dogo lenye boila. Boila ile ndiyo iliyochemsha maji, mvuke wake ukazungusha injini, injini ikavuta mkanda, mkanda ukazungusha mashine. Moto wake ulilishwa pumba za mpunga uleule uliokobolewa, basi hakikupotea kitu. Sisi wanawake tulikaa chini ya ukuta na nyungo zetu, vumbi limetuganda kwenye kope, na adhuhuri tulipika chenga za mchele tulizopewa, tukazila kwa mchuzi wa samaki aliyeletwa kutoka Feri na mmoja wetu aliyekuwa na mume mvuvi. Nimekula wali mzuri nyumba nyingi baada ya hapo. Wali wa chenga zile, uliopikwa kwa nazi na kuliwa sinia moja na watu wenye njaa ya kazi, bado naukumbuka kuliko wali wa harusini.

Bwana Seif alipofariki, mkewe Bi Salma akaingia eda. Mashine ilikuwa yake, mumewe alimpa kuwa hiba miaka mingi kabla hajafa, na watu wote walilijua hilo. Alikuwa na desturi ya kupita mabandani kila jioni baada ya sala ya alasiri, amejifunika buibui lake, anagusa hiki, anauliza kile. Sasa hakuweza kutoka. Shemeji yake, Bwana Nasoro, mdogo wa marehemu, akashika kazi ya nje: kupokea wateja, kuwalipa watu, kuagiza vifaa. Hakuwa mtu mbaya Bwana Nasoro, na nasema hivi mapema ili nisije nikaeleweka vibaya. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, anajua kanga na amerikani. Mvuke hakuujua.

Siku moja Bi Salma akaniita ndani. Nilimkuta chumbani kwake amekaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe, mikono haina hata bangili moja. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la vijiti lililotazama uani, nalo limefunikwa kitambaa. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia nikae. "Nimekusikia unavyozungumza na watu huko nje, Mwajuma," akasema. "Huzungushi maneno. Nataka uwe unakwenda mabandani badala yangu, halafu jioni uje uniambie."

"Nikuambie nini, bibi? Mimi mambo ya mashine siyajui."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Kila mtu ananiambia mashine nzima. Shemeji anasema nzima, fundi anasema nzima. Wewe niambie ulichokiona, ulichokisikia, na kilichokuunguza ulipokigusa. Kama ni kizima au kibovu, hilo niachie mimi."

Basi nikaanza. Asubuhi nilipepeta, mchana nikazunguka, jioni nikaenda kwenye mkeka wa Bi Salma, akanimiminia kahawa, nikasimulia. Mwanzoni nilisimulia vibaya. Nilisema, "Injini inapiga kelele," naye akauliza, "Kelele gani? Ya kugonga au ya kusaga? Ikianza kuzunguka au ikishachanganya mwendo?" Nikarudi kesho yake nimesikiliza vizuri zaidi. Nikajifunza kwamba mkanda ukilegea hupiga kofi, na kwamba beringi iliyokosa grisi hunuka kabla haijalia. Nikajifunza kusoma saa ya mvuke ukutani mwa boila, yenye mshale na mstari mwekundu ambao mshale haukutakiwa kuuvuka, na kile kioo chembamba cha kuonyeshea maji ndani yamefika wapi. Elia ndiye aliyenifundisha. Alikuwa bado kijana, Mkristo, amejifunza kazi kwenye karakana ya reli, na kila alipozungumza alikuwa anafuta mikono kwa tambara lilelile chafu. Hakunificha kitu. Kitu kimoja tu, na ndicho nitakachokieleza.

Juu ya boila kulikuwa na vali ya usalama, ambayo watu wote wa pale waliiita pua. Ilikuwa na mkono mrefu wa chuma wenye uzito mwishoni. Mvuke ukizidi kipimo, unausukuma ule mkono juu, boila inapumua, hatari inapita. Kila asubuhi fundi aliuinua ule mkono mara moja kwa kamba ili ahakikishe kwamba pua haijaziba, nayo ikapiga mbinja mtaa mzima ukasikia. Wapo watu Kariakoo walioamkia kazi kwa mbinja ile.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani. Mfungo unakaribia, kila nyumba inataka mchele wa futari na wa daku, na matajiri wa mpunga waliokuwa wamehifadhi mazao ya Rufiji wakaanza kuyaleta. Mikokoteni ilijipanga kutoka uani mpaka njiani. Bwana Nasoro alikuwa na furaha, anapita huku na huku na fimbo yake, anahimiza. Mashine ilianza alfajiri na kuzimwa magharibi. Jioni moja nilipokuwa namalizia habari zangu, Bi Salma akanikatiza. "Mwajuma," akasema, "pua siisikii."

"Sijakuelewa, bibi."

"Mbinja ya asubuhi. Mimi nimelala chumba hiki tangu nilipoolewa. Marehemu alipokuwa safarini nilijua kwa mbinja ile kwamba kumekucha na boila imeamka salama. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa kabla mwezi haujaandama. Kaangalie."

Kesho yake nikaenda bandani mapema. Mle ndani mlikuwa na joto la kukausha ulimi. Nikapanda ngazi ya chuma iliyokuwa ubavuni mwa boila, nikachungulia juu. Kwenye ule mkono wa pua, kando ya uzito wake wa siku zote, lilikuwa limefungwa pande la reli kwa waya mnene, waya umezungushwa na kukazwa kwa koleo. Nikatazama saa ya mvuke. Mshale ulikuwa umekaa juu ya mstari mwekundu kabisa, unatetemeka. Elia alikuwa amesimama chini, ananitazama. Mtia moto alikuwa ametoka kuchota pumba.

"Shuka, Mwajuma," akasema polepole.

Nikashuka. "Kile chuma cha nini?"

Alifuta mikono kwa muda mrefu. "Pua inavuja. Kikalio chake, pale inapofungia, kimelika, mvuke unatoka hata usipozidi. Bwana Nasoro akasema tunachoma pumba za bure na mashine inakwenda kivivu. Akaniambia niizibe. Nikamwambia haizibwi, inatengenezwa, na kuitengeneza ni lazima tuzime. Akasema kama siwezi, wapo mafundi wengine mjini."

"Ikizidi itakuwaje?"

"Kwanza nilidhani nitakaa mwenyewe hapa niitazame saa. Lakini siwezi kuitazama kila dakika." Akaonyesha boila kwa kidevu. "Ndani pia kuna ukoko. Maji yetu ya kisima yana chumvi na chokaa, yanaganda kwenye bati kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Bati likifunikwa halipati maji, linaungua. Tangu marehemu aanze kuumwa hatujaifungua boila hii kuikwangua."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani?" akauliza. Na kweli, kwa nani? Mwenye mali amefungiwa chumbani kwa sheria ya dini, na anayesimama badala yake ameshajibu; kwamba mimi napeleka habari ndani kila jioni, hakujua.

Nimefikiri sana juu ya swali lile maishani mwangu. Nimefanya kazi penye mashine nyingi baadaye, na kila palipotokea maafa nilimkuta mtu aliyejua. Watu wenye kujua hawakosekani. Kinachokosekana ni mlango wa kupeleka habari, na mtu wa upande wa pili atakayeipokea bila kumgombeza aliyeileta. Bi Salma, aliyefungiwa, ndiye aliyekuwa na akili ya kutoboa mlango, na mlango wenyewe nilikuwa mimi. Lakini siku ile sikuwaza hivyo. Niliwaza wanawake wenzangu waliokaa wamejiegemeza kwenye ukuta ambao nyuma yake ndipo boila ilipo, wengine na watoto mgongoni. Sikungoja jioni. Nikaenda ndani moja kwa moja, nikasema yote kama nilivyoyaona: reli, waya, mshale, ukoko, na maneno ya Elia. Bi Salma hakuuliza mara mbili. "Mwambie fundi autoe moto sasa hivi," akasema. "Watu wote watoke kwenye ule ukuta. Halafu kaniitie shemeji."

Elia alizoa moto kwa koleo refu, akaufungulia mvuke njia taratibu, na mashine ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Hujajua kimya ni nini mpaka usikie mashine ya mpunga ikisimama katikati ya asubuhi. Wenye mpunga wakaanza kupiga kelele. Bwana Nasoro akaja mbio, kilemba kimelegea. Kwa kuwa Bi Salma alikuwa edani na shemeji si maharimu yake, walizungumza pazia la mlangoni likiwa katikati, mimi nimekaa ndani karibu na miguu ya Bi Salma.

"Shemeji, umenidhalilisha," akasema Bwana Nasoro. "Watu wamejaa pale. Shaabani hii! Leo wakiondoka watakwenda kwenye mashine ya Premji, na wakifika huko hawatarudi. Kaka yangu alitumia umri wake kuwapata wateja hawa."

"Najua. Nilikuwa naye."

"Boila inakwenda. Imekwenda jana, imekwenda juzi. Tufanye kazi mpaka Idi, halafu tuifungue, tuikwangue, tufanye unavyotaka."

"Na kama haikufika Idi?"

"Mungu atatulinda."

"Mungu alitupa pua, shemeji. Wewe umeifunga kwa waya."

Nilimsikia Bwana Nasoro akiegemeza fimbo yake ukutani. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa nyingine. "Mimi niliambiwa ni mvuke tu unapotea," akasema. "Wallahi, Salma, sikujua kama ni kitu cha kupasua boila."

"Nakusadiki. Lakini sasa tunajua sote wawili. Ikipasuka, hakuna mashine, hakuna wateja, na wapo watoto wa watu kwenye ule ukuta. Tukizima, tunapoteza mwezi mmoja. Mimi nachagua kupoteza mwezi."

"Na wateja?"

Hapo Bi Salma alianza kuvuta uzi wa mkeka. Maneno ya Bwana Nasoro juu ya wateja yalikuwa ya kweli. Tajiri wa mpunga akishazoea mlango wa mwenzako, umemkosa. Bi Salma akauacha uzi, akauliza, "Premji naye anatumia maji gani?"

"Ya kisima," akajibu Bwana Nasoro. "Kisima chake na chetu ni mkondo mmoja."

"Basi naye ana ukoko."

Alasiri ile Bwana Nasoro alivaa kanzu safi akaenda kwa Bwana Premji, na mimi nikafuatana naye kwa amri ya Bi Salma, nieleze nilichokiona. Mashine ya Premji ilikuwa upande wa pili wa soko. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani, amekaa sebuleni anakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, akatukaribisha tule naye. Bwana Nasoro akamweleza shauri la shemeji yake: wateja wetu wote waje kwake mpaka boila yetu itengenezwe, mpunga wao ukobolewe kwa jina letu, pumba zibaki kwake. Kisha yeye akifungua boila yake, wateja wake waje kwetu kwa masharti hayohayo. Na iwe hivyo kila mwaka, mmoja akizima mwingine anabeba.

Premji alicheka sana. "Nasoro bhai, mimi nangoja siku hii miaka mingi, wateja wenu waje kwangu, halafu wewe unataka niwarudishe?" Bwana Nasoro akanitazama. Nikamweleza Premji habari ya reli na waya na mshale. Aliacha kutafuna. Akaniuliza boila yetu ilifunguliwa lini mara ya mwisho, nikamwambia. Akageuka, akamwita fundi wake kwa Kigujarati, wakajibizana kwa haraka, na sikuelewa neno hata moja ila niliona fundi yule akitazama chini. Premji akasukuma sahani ya embe mbele yetu. "Salaam kwa Bi Salma," akasema. "Shauri lake nimelikubali. Lakini ninyi mkimaliza, mimi wa pili. Msinicheleweshe."

Boila ilipopoa, Elia aliifungua kifuniko akaingia ndani na taa, amejikunja, miguu yake mirefu imebaki nje. Tulisikia nyundo. Ukoko ulitoka vipande vipande, mweupe, mnene kama kigae, tukauzoa kwa vikapu vyetu vya mchele. Alipotoka alikuwa mweupe kama aliyepakwa unga. Akasema pua inatengenezeka na ukoko unatoka, lakini chini, juu ya moto, bati limevimba kwa nje. Hilo hata yeye hakulitegemea. Alinishika mkono akaingiza kiganja changu pale chini, nikasikia uvimbe laini, wa kujaa kitanga cha mkono. Bwana Nasoro naye aliinama, akaingiza mkono wake. Akautoa, akaenda kukaa kwenye gunia, na tangu siku ile sikumsikia tena akimhimiza Elia.

Wakaja mafundi wa kutoka karakana ya reli kulikata lile bati na kutia jingine. Mfungo ukatukuta tumezima. Mvua za masika zikaanza, Jangwani kukajaa maji hata mikokoteni ikawa haipiti, na sisi wanawake tulikaa bandani tukisikiliza mabati yakipigwa na mvua. Bi Salma hakumfukuza mtu. Kila magharibi sinia zilitoka ndani, tambi, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga, na Elia, ambaye hakufunga, aliona haya kula mchana mbele yetu, basi akawa anafungua nasi. Nilikuwa na wasiwasi mwezi ule kama wateja watarudi. Walirudi. Si wote. Wawili watatu walinogewa kwa Premji, na Premji, kwa haki yake, alitutumia mtu kutuambia. Bi Salma akasema, "Hao ndio ada yetu."

Eda ilikwisha baada ya Idi. Bi Salma alioga, akavaa, akatoka uani kwa mara ya kwanza, wanawake wakapiga vigelegele. Alikwenda moja kwa moja kwenye boila iliyokuwa inanguruma, akaizunguka, kisha akaniambia mbele ya watu kwamba nyungo nimeziacha, kazi yangu sasa ni ile ya kuzunguka. Akanipa na neno moja zaidi: nikiona jambo la kunitia shaka nisikimbie kwake kwanza. Nizime, halafu ndiyo nije.

Haikupita muda nikasikia mgongano ndani ya injini. Ulikuwa mdogo, unakuja na kupotea. Nilisimama nikausikiliza. Uani kulikuwa na mikokoteni ya wateja wa Premji, maana ilikuwa zamu yake ya kuzima, na wenyewe walikuwa wametukubali shingo upande. Nikamwambia Elia azime. Alinitazama, akaona sitanii, akazima. Wenye mpunga wakaguna. Elia akafungua injini, akakagua nati moja moja, akatia mkono kila mahali, akageuza gurudumu kwa mkono, akalisikiliza. Asubuhi yote ikaishia hapo. Mwishoni akafuta mikono yake, akasema hakuna kitu. Kila kitu kimekaza. Labda ilikuwa jiwe limepita na mpunga.

Nilitamani ardhi inimeze. Niliingia ndani kwa Bi Salma, ambaye alikuwa anapepeta kahawa kwenye kitunga, nikamwambia nimezima mashine, nimewapotezea watu asubuhi nzima, na fundi ametazama yote na hakuona ubovu wowote. Nilisimama nikingoja atakachosema.

Alipuliza maganda kutoka kwenye kitunga. "Kwa hiyo ni nzima," akasema.

"Nzima, bibi."

"Alhamdulillahi. Asubuhi tulikuwa tunadhani, sasa tunajua. Kamwambie Elia awashe."